Makao ya Uzeeni: Wachaguao ni Wawili, Abakiye ni Mmoja



Juma hili tumepokea barua kutoka Siakago, kaunti ya Embu. Mume na mke, watu wa pwani waliohamia bara kwa biashara, wanatuuliza wazeekee wapi. Watoto wanawaita Mombasa, kwenye ghorofa ya tatu. Jirani amewashauri makao ya wazee. Mzee ataka wabaki walipo, karibu na msikiti. Rai ya mama haikutajwa, nasi tunaanza na hiyo: nyumba ya wawili haichaguliwi na mmoja.

Surat Al-Israa, aya ya 23, imetaja uzee wa mzazi mmoja na wa wote wawili, wakiwa kwa mtoto wao. Basi mtoto mwenye uwezo asijivue jukumu. Ila ngazi ambazo magoti hayaziwezi humfanya mzee mfungwa. Heri chumba cha chini.

Makao ya wazee hatuyaharamishi panapo dharura. Lakini ulizeni kwanza: mume na mke watalala chumba kimoja, au kila mmoja bweni lake? Chakula ni halali? Mama akishindwa kujiosha, atamwosha mwanamke mwenziwe?

Kisha lipo swali ambalo wengi huliogopa: atakayebaki atakaa wapi? Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10 katika nyumba aliyoishi na mumewe. Baada ya hapo, ikiwa marehemu ameacha watoto, fungu la mke ni thumni. Nyumba iliyo mali ya mume huingia katika mirathi, na thumni ya nyumba ndogo haitoshi hata chumba. Wasia kwa mrithi haupiti ila warithi wenziwe waridhie. Nazo shilingi 2,000 za Inua Jamii, wapewazo kila mwezi waliotimiza miaka 70, hazitamlipia pango.

Njia iliyo wazi ni hiba. Mume ampe mkewe nyumba, au sehemu yake, akiwa na afya, amkabidhi mbele ya mashahidi, na hati ibadilishwe jina. Akingoja maradhi ya mauti, hiba hiyo itahukumiwa kama wasia.

Mzee wetu wa Siakago, kabla hujawajibu watoto, keti na mama watoto umuulize: nikitangulia mimi, wapenda kubaki wapi? Jawabu lake liwe msingi wa uchaguzi wenu.

Wallahu a'lam.