Dawa Isiyofika Pafuni

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote.

Ijumaa hii tunawaelekea wazazi wa Vitongoji, mashariki ya Chake Chake kisiwani Pemba, na kila nyumba ya Kiislamu yenye mgonjwa wa pumu. Wapo kati yetu wanaodhani kuwa pampu ya pumu ni dawa ya mwisho, kwamba humzoesha mgonjwa, na kwamba kidonge ni salama zaidi. Hesabu inakataa. Mvuto mmoja wa pampu ya salbutamoli hutoa maikrogramu 100 za dawa. Kidonge cha miligramu 4 ni sawa na mivuto 40. Tena kidonge hupitia tumboni na kuzunguka mwili mzima, ndipo moyo ukaenda mbio na mikono ikatetemeka. Pampu huipeleka dawa penye maradhi.

Lakini kupelekwa si kufika. Utafiti umeonyesha kwamba chembe za dawa zinazozidi maikromita 5 aghalabu hukwama kinywani na kooni. Zilizo ndogo zaidi ndizo zinazoshuka pafuni. Mgonjwa asipovuta pumzi taratibu pale anapobonyeza, kisha akaizuia kwa sekunde 10 hivi, sehemu kubwa ya dawa hupotea. Mtoto aliyebanwa kifua hawezi kuyafanya hayo.

Dawa yake ni chombo cha kati, kinachoipokea dawa kwanza ili mtoto aivute kwa pumzi zake za kawaida. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti uliolinganisha vyombo vya dukani na vya kutengenezwa nyumbani. Chupa ya plastiki ya mililita 500, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha pampu na mwanya wake kuzibwa kwa gundi, ilifungua vifua vya watoto sawa na chombo cha dukani. Chupa isiyozibwa ilikuwa dhaifu zaidi, na kikombe kilikuwa cha mwisho. Basi ufukara usiwe udhuru. Mzazi aitengeneze chupa hiyo kwa kuelekezwa na mhudumu wa afya.

Pua nayo ina adabu yake. Dawa ya kupuliza puani hutumiwa kichwa kikiwa kimeinama mbele kidogo, na ncha ikielekezwa upande wa nje wa tundu. Avutaye kwa nguvu huishia kuimeza.

Linabaki suala la saumu. Mwaka 1997, huko Jeddah, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu liliamua kuwa dawa ya kupuliza puani haibatilishi saumu, ikiwa mfungaji atajiepusha kumeza kinachofika kooni. Kuhusu pampu ya pumu, wanavyuoni wamekhitalifiana. Masheikh Ibn Baz na Ibn Uthaymin waliona kuwa haifunguzi. Darul Iftaa ya Misri inaona inafunguza. Kila mmoja na amuulize sheikh anayemwamini, kabla Ramadhani haijaandama.

Hata hivyo, khitilafu hiyo inahusu kulipa siku au kutolipa. Haimhusu mtu anayeshindwa kupumua saa tisa alasiri. Sura ya Al-Baqara, aya ya 185, imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine. Anayeiacha pampu akisubiri adhana ya Magharibi huku kifua kimembana anaihatarisha roho aliyopewa amana. Na ile dawa ya kinga, inayovutwa asubuhi na jioni hata siku za uzima, daktari anaweza kuipanga baada ya futari na wakati wa daku. Isiachwe mwezi mzima.

Tunawaomba maimamu walitaje jambo hili katika khutba za Shaabani, na wazazi wa Vitongoji waende na pampu zao hospitalini wakaonyeshwe namna ya kuzitumia. Dakika tano za mafunzo zaweza kumwokoa mtoto usiku.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu. Amin.