Kiota si studio, msee

Msimu wa mvua ukifika, mitandao hujaa picha za viota. Mayai mawili, makinda midomo wazi, mama ametoa macho. Watu wanamwaga laiki. Nina swali moja kwako wewe uliyepiga hiyo picha, au unayepanga kuingia Karura na kamera wikendi hii: huyo mama alikuwa anatolea nini macho? Alikuwa anakuangalia wewe.

Sisemi tusipige picha. Kamera imewapa vijana wengi riziki hapa Nairobi, hata sisi ambao chuo kilitushinda njiani. Na watu hutetea msitu wanaoujua. Lakini kiota ni mambo mengine. Ndege aliyetua tu kwenye tawi akikuogopa, ataruka aende mti mwingine. Mwenye kiota ataenda wapi? Ama akae na hofu yake, ama aache mayai yapoe.

Chukua hondohondo. Jike huingia kwenye tundu la mti, mlango unazibwa, unabaki upenyo mwembamba tu. Kwa wiki nyingi chakula chake huletwa na dume. Sasa wewe umesimamisha kamera chini ya mti tangu asubuhi. Dume yuko mti wa pili, matunda kooni, anangoja uondoke. Eti unasema, "Leo wamechelewa." Hawajachelewa. Umewafungia njia.

Au tai mwenye kishungi, yule anayewinda kima. Hulea kinda mmoja tu, na tangu kutaga hadi kinda ajitegemee inaweza kuchukua karibu miaka miwili. Ukimfukuza kiotani, usidhani atajaribu tena mwezi ujao.

Halafu kuna hii tabia ya kukata matawi ili mwanga uingie vizuri. Hayo majani ndiyo paa. Ukiyaondoa, jua linawachoma makinda na kunguru anaona meza imeandaliwa. Kima nao wamezoea kufuata watu wakitafuta chakula. Wewe unaenda nyumbani na picha, wao wanabaki na anwani.

Kwa hivyo kaa mbali na utumie lenzi ndefu. Huna? Mpige mzazi akiwa njiani, amebeba jani la kujengea au mdudu mdomoni. Picha hiyo ina hadithi kuliko yai. Usimwite kwa kucheza mlio wa ndege kwenye simu, maana kwake huyo ni mvamizi amekuja kumpokonya eneo. Flashi na droni ziache nyumbani. Akianza kupiga kelele, au akizungukazunguka na chakula mdomoni bila kuingia, anakwambia utoke. Toka. Na ukiposti, ficha lokesheni, tena ngoja makinda waruke kwanza.

Najua utasema, "Ni picha moja tu." Kwako ni moja. Wasee kumi wakifuata lokesheni yako, kila mmoja na moja yake, mama ameshinda siku nzima bila kuatamia.

Wangari Maathai na wenzake walipigwa mwaka 1999 wakizuia Karura isinyakuliwe. Haina maana msitu ubaki, halafu sisi tuwafukuze wenyeji wake kwa sababu ya laiki.

Wikendi hii ukiona kiota, pita. Na ukiona mtu ameposti kiota kilichopigwa karibu hivyo, usimpe laiki. Muulize alikuwa amesimama wapi.