Nani kasema nyumba ya kupanga haipambwi?

Kuna kauli ambayo wapangaji wa Dar es Salaam, Mwanza, Mombasa na Nairobi wanaitamka kana kwamba imeandikwa kwenye katiba: "Nitapamba nikishajenga kwangu." Wanaisema wakiwa wamekaa kwenye chumba chenye kuta tupu, misumari ya mpangaji aliyehama bado imechomoza, na mstari wa uchafu unaonekana pale kochi lake lilipokuwa likiegemea. Kauli hiyo inasikika kama busara ya mtu anayejua kutunza pesa. Mimi naiona ni imani inayotunyang'anya miaka mizuri ya maisha yetu, na naipinga kwa nguvu zangu zote.

Tuanze na huko kujenga kwenyewe. Mtu wa kipato cha kawaida hajengi kwa mwaka mmoja. Ananunua kiwanja Chanika, Kigamboni au Kibaha, anakaa nacho. Anamwaga msingi, anapumzika. Anapandisha boma, nyasi zinaota ndani. Mtoto aliyezaliwa wakati kiwanja kinanunuliwa anaweza kumaliza darasa la saba wakati baba yake bado anatafuta pesa za kupaua. Utoto wake wote amelala, amekula na amesomea kwenye vyumba viwili vya kupanga. Nyumbani anapopajua yeye ni hapo, na akikua atapakumbuka kwa namna wazazi wake walivyopaacha.

Na siku ya kuhamia ikifika, kauli ile haifi. Wengi tunahamia kwenye pagale ili tuepuke kodi, kisha tunaendelea kuahirisha: ngoja kwanza nipige plasta, ngoja niweke vigae, ngoja dari ya jipsamu. Nimeingia kwenye nyumba za watu wazima, wenye hati mkononi na geti la chuma, nikakuta kuta zao ni tupu vilevile. Basi kupanga hakukuwa sababu. Sababu ni mazoea ya kuamini kwamba uzuri ni wa siku nyingine, au wa mtu mwingine.

Huyo mtu mwingine mara nyingi ni mgeni. Nyumba nyingi zina mapazia mazuri, tena ya kutosha, yamekunjwa kwenye sanduku. Yanatoka Idd au Krismasi, yanatundikwa siku chache, yanafuliwa, yanarudi sandukuni. Vikombe vya maua viko kabatini vinamngoja mtu ambaye hajapiga hata simu kusema anakuja, huku wenyeji wanakunywea chai kwenye plastiki iliyofubaa. Mgeni atakaa saa mbili. Anayekaa humo siku zote, anayeamka humo akiwa na homa, anayerudi humo kutoka kazini akiwa amechoka, huyo tumemwona hastahili pazia. Hili linaniumiza kuliko kuta tupu zenyewe.

Hoja inayorushwa haraka ni kwamba ukipamba unamfaidisha mwenye nyumba. Utaipendezesha, ataipenda, atapandisha kodi au atamweka ndugu yake. Woga huu una msingi, wapo ambao yamewakuta. Lakini tuulizane: ukihama, mwenye nyumba anabaki na nini hasa? Pazia unalikunja. Mkeka unauviringisha. Mito, taa, kioo na picha vinapakiwa kwenye kirikuu pamoja na godoro. Cha kubaki ni rangi ya ukuta, kama uliipaka, na hiyo uliitazama wewe kwa muda wote uliokaa. Mpangaji mwenye akili anapamba kwa vitu vinavyohama naye, na vitu hivyo ndivyo hasa vinavyobadili chumba.

Chukua doti moja ya kanga. Ni vipande viwili, kila kimoja kina urefu wa kama sentimita 150 na upana wa kama 110. Zifue kwanza, ili wanga utoke na zinywee kabisa kabla hujazishika kwa mkasi. Kipande kimoja kivalishe fremu ya mbao nyembamba, ambayo fundi seremala wa mtaani ataigonga kwa mabaki ya kazi zake. Kivute pande zote mpaka pindo likae sawa, kaza nyuma kwa misumari midogo, na una picha kubwa ya ukutani kuliko zote za madukani. Inataka misumari miwili tu ya zege, au ile aliyoiacha mpangaji wa kwanza. Jina la kanga lichague kwa uangalifu, maana utalisoma kila asubuhi. Kipande cha pili kikate mara tatu kwa upana wa sentimita 42: kila mkanda unatoa foronya moja ya mto wa kochi wa sentimita 40, kitambaa kikipishana mgongoni bila zipu. Fundi cherehani yeyote wa barazani anazishona foronya hizo tatu ukiwa umekaa hapo unamsubiri. Sebule imepata picha na mito inayofanana nayo, na haijagusa cha mwenye nyumba zaidi ya matundu mawili ya misumari.

Mapazia ndiyo yenye nguvu kuliko kitu kingine chochote chumbani, na ndiyo tunayokosea zaidi. Tumezoea kupiga fimbo vidole vitatu juu ya dirisha na kuacha pazia liishie chini kidogo ya kizingiti. Matokeo yake dirisha linaonekana dogo na dari inaonekana fupi. Pandisha fimbo ikaribie dari. Irefushe ipite dirisha kwa sentimita 20 au 30 kila upande, na pazia lishuke mpaka sakafuni. Dirisha lilelile litaonekana kubwa, na ukilifungua pazia linakaa pembeni ya ukuta, mwanga wote na upepo wote vinaingia. Kitambaa kiwe na upana mara mbili ya fimbo, la sivyo pazia likifungwa linatanda kama shuka iliyoanikwa. Na kwa joto la Dar, Tanga au Mombasa, tuachane na yale mazito yanayong'aa, yenye tabaka mbili na vishada, ambayo tumeaminishwa kuwa ndiyo ya heshima. Yanashika vumbi, yanazuia upepo, na yanagharimu kodi ya mwezi. Pamba nyepesi ya rangi moja inatosha. Kwenye marundo ya mitumba ya masoko ya Karume, Dar, na Gikomba, Nairobi, mapazia na mashuka ya pamba yapo, ukifika asubuhi na ukiwa na subira ya kuchambua.

Baada ya pazia, taa. Vyumba vyetu vingi vina balbu moja katikati ya dari, yenye mwanga mweupe mkali unaomfanya kila mtu aonekane mgonjwa. Kwenye boksi la balbu huandikwa namba ya rangi ya mwanga: 6500 ni ule mweupe wa wodini, 2700 au 3000 ni ule wa njano unaotuliza macho. Bei haitofautiani sana. Ukiongeza taa moja ya pembeni, iliyowekwa chini ya usawa wa macho, sebule ya usiku inakuwa mahali pengine kabisa. Kifuniko chake kinaweza kuwa kikapu cha ukindu kilichopinduliwa na kutobolewa tundu la waya, mradi balbu iwe ya LED ya wati chache, isiyochemka. Usifanye hivyo kwa balbu ya zamani ya kuchoma. Hiyo itaunguza kikapu na wewe.

Kuhusu ukuta wenyewe nina mawili ya kusema, na yote yanatokana na kuona pesa za watu zikipotea. Kwanza, si lazima upake nyumba nzima. Kopo la lita 4 la rangi ya maji linatosha kupaka mara mbili ukuta mmoja wa chumba cha kawaida na linabaki, na ukuta mmoja ulio nyuma ya kochi au kichwani mwa kitanda unatosha kukipa chumba sura. Pili, zile karatasi za kubandika zenye picha ya matofali, zinazouzwa kila kona, ni hasara kwa nyumba zetu nyingi. Ukuta wa tofali za saruji usio na kinga ya maji kwenye msingi unanyonya unyevu kutoka ardhini, na unyevu unatoka na chumvi. Ukiufunika kwa karatasi ya plastiki au kwa rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea. Baada ya msimu mmoja wa mvua utaona malengelenge, kisha fangasi, kisha karatasi inabanduka na rangi ya chini. Ukuta wa namna hiyo unataka chokaa. Pangusa ule unga mweupe, loweka chokaa ya mfuko usiku kucha, ichuje, paka nyembamba mara mbili au tatu. Inaacha ukuta upumue, na inarudisha mwanga ndani ya chumba kuliko rangi nyingi za bei mbaya. Ina kasoro yake: ukiiegemea inachafua nguo, kwa hiyo usiipake nyuma ya viti. Chokaa ni mali yetu ya zamani. Zile zidaka za nyumba za mawe za Lamu, safu za vishubaka ukutani ambamo watu waliweka vyombo vya kichina, zilichongwa kwenye lipu ya chokaa iliyotokana na matumbawe yaliyochomwa.

Najua kuna atakayesema waliokuwa na zidaka walikuwa matajiri. Ni kweli. Basi twende Gisaka, mashariki mwa Rwanda, karibu na mpaka wa Tanzania. Huko wanawake walipamba kuta za ndani kwa samadi ya ng'ombe iliyochanganywa na majivu. Waliifinyanga kwa vidole ukutani ikawa mistari iliyoinuka, pembetatu na mizunguko, kisha ikikauka wakaipaka rangi. Nyeupe ilitoka kwenye udongo mweupe, nyekundu kwenye udongo mwekundu, nyeusi kwenye majivu ya maganda ya ndizi yaliyochanganywa na utomvu wa mshubiri. Hawakununua kitu. Sanaa hiyo inaitwa imigongo, na leo vibao vyake vinatundikwa kwenye hoteli za Kigali na watalii wanavinunua kwa dola. Hata mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vibao vya mraba na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Watu wetu hawakuwahi kungoja pesa ndipo wajue kipi kinapendeza. Kungoja tumejifunza sisi.

Naomba nieleweke. Simsemi mama ambaye leo hajui watoto watakula nini. Mwenye shida ya sahani asihubiriwe habari za mito. Nasema na sisi tuliopata pesa ya runinga ya inchi 43, sabufa na kochi la kona kutoka Keko, kisha tukaviweka vyote chini ya ukuta wenye misumari ya mtu mwingine na kusema hatuna uwezo. Uwezo tulikuwa nao. Tuliutumia kwenye vitu ambavyo jirani atavisikia na mgeni atavihesabu.

Nasema pia na wanaume wenzangu, ambao wengi wetu tumejiweka pembeni kwa kudai haya ni mambo ya wanawake. Mwanamke anafuma vitambaa vya kochi jioni baada ya jioni, kwa sindano moja na nyuzi za bei ya kawaida, na mume hajui hata ni rangi gani. Kisha vijana wa siku hizi wanavidharau vitambaa hivyo, wanasema ni vya kishamba. Si vya kishamba. Ni kazi ya mkono inayohitaji hesabu na macho makali, na kimoja kikubwa kilichowekwa peke yake juu ya meza ya mbao iliyosuguliwa vizuri kwa msasa kinapendeza kuliko ua la plastiki. Kosa lililofanyika ni kuvijaza kila mahali, juu ya redio, juu ya friji, juu ya kila mkono wa kochi, hadi jicho likakosa pa kupumzika. Punguza idadi, usimdharau mfumaji. Na fimbo ya pazia ni ya baba kuipandisha. Kutoboa ukuta wa saruji karibu na dari ni kazi ya watu wawili.

Wamebaki wenye nyumba. Wapo wanaopokea kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, kisha wanaandika kwenye mkataba kwamba mpangaji asipige msumari wala asipake rangi. Mtu aliyelipa mwaka mzima anaishi humo kwa adabu ya mgeni, anaogopa ukuta. Huo ni uonevu, na wapangaji tunaukubali kwa sababu nasi tunaamini nyumba si yetu mpaka tuijenge. Jambo hili huzungumzwa kabla ya kulipa, wakati dalali bado anakubembeleza na noti bado ziko mfukoni mwako. Omba iandikwe sentensi moja: mpangaji ataruhusiwa kupaka rangi na kutundika vitu kwa gharama yake, na akihama ataziba matundu kwa wolputi na kurudisha rangi ya awali endapo itatakiwa. Ni ombi la haki kwa pande zote mbili. Mwenye nyumba akikataa hata hilo, na una pa kwenda, nenda ukaangalie chumba kingine. Ukishalipa hutakuwa na cha kumshawishi nacho mpaka kodi ijayo.