Kunena Imani Pasipo Ngao

Wakristu wengi hudhani ya kwamba haifai kunena habari za Mungu mpaka mtu awe na elimu ya kutosha, majibu tayari, au cheo cha kuwafanya watu wamsikilize. Basi wanangoja. Wanaota mvi wakingoja, na jirani yao hajasikia kwao hata neno moja.

Mtazameni Mwenye Heri Isidore Bakanja, kijana wa Equateur, katika Kongo yetu. Aliondoka kijijini akaenda Mbandaka, mji ambao Wabelgiji waliuita Coquilhatville, akafanya kazi kwa waashi. Huko Mapadri Watrapisti walimfundisha dini, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Akavaa skapulari ya Bikira Maria shingoni, na rozari ikawa rafiki yake. Baadaye alimfuata mzungu mmoja wa kampuni hata shamba la Ikili, akiwa boi wake wa nyumbani. Hakuwa padri wala katekista. Lakini wenzake walipotaka kujua sala, aliwafundisha.

Angalieni alivyojiweka wazi. Mchuuzi akikataliwa kitambaa chake, hukikunja akaenda zake. Kilichokataliwa ni kitambaa tu. Bali mtu aonyeshaye imani yake huonyesha moyo wake, nao moyo haukunjwi. Msimamizi wa shamba lile aliwachukia mapadri na mafundisho yao. Akamwamuru Isidore aitupe skapulari, yeye hakuitupa. Mwaka 1909 akapigwa kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari, mapigo zaidi ya mia. Mgongo ukaoza. Mapadri walipomfikia walimsihi amsamehe aliyempiga. Akajibu ya kuwa amekwisha kumsamehe, na akifika mbinguni atamwombea sana. Alikufa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Wako watakaosema: huyo ni shahidi, sisi tu watu wadogo. Naye alikuwa nani? Boi, ugenini, mwenye ubatizo wa miaka mitatu tu! Udogo wake haukumzuia. Labda ndio uliowafanya wenzake wathubutu kumwuliza. Mtu hamwulizi maswali yake ya ndani yule asemaye daima kama hakimu.

Nalo jambo hili laingia nyumbani kwetu. Mtoto amwuliza baba yake: «Baba, tumesali novena nzima, mbona mama angali mgonjwa?» Baba aona haya kwa kukosa jibu, amkemea: «Nyamaza, hayo si ya watoto!» Heshima ya baba imepona, lakini mtoto hatauliza tena, atakwenda kuwauliza wengine barabarani. Afadhali baba amketishe karibu, amwambie: «Mwanangu, sijui. Hata mimi nina huzuni. Njoo tumwombee tena.»