Safari ya Kuigiza Darasani: Mchezo au Somo?

Siku hizi yamezuka mazungumzo mengi vyuoni kuhusu safari za kuigiza, yaani programu za kompyuta zinazomwezesha mtu kuzunguka ndani ya jengo la kale, au kuendesha mtambo mkubwa, hali amekaa kitini. Watalii huonyeshwa hivyo mahali wanapokusudia kwenda, na viwanda huwafunza hivyo mafundi wao. Walimu wanafunzi huniuliza kama shule ya msingi isiyo na vyombo hivyo imekwisha kuachwa nyuma. Jibu langu ni hapana. Lakini jibu hilo lahitaji maelezo, kwa kuwa mimi mwenyewe nimewahi kukosea katika jambo hili.

Wakati mmoja wa mazoezi ya kufundisha nilimkagua mwalimu mwanafunzi aliyefundisha habari za Kilwa Kisiwani. Alikuja na kompyuta na projekta za kuazima, akawapitisha watoto katikati ya nguzo na matao ya Msikiti Mkuu, kisha akawapandisha juu ya magofu ya Husuni Kubwa. Watoto walishangilia, nami nikampa alama za juu. Siku chache baadaye nilirudi katika darasa lile, nikauliza: kwa nini mji wenye utajiri mkubwa ulisimama juu ya kisiwa kidogo? Pakawa kimya. Mtoto mmoja tu ndiye aliyesema kwamba walikuwa wameruka juu kama ndege. Sikumlaumu mwalimu yule. Mwenye kosa nilikuwa mimi, niliyesikia kelele za furaha nikadhani nimeiona elimu.

Ili tuelewe kilichokosekana, yafaa tutazame historia ya chombo kimoja cha kuigiza ambacho kilikuwako kabla ya kompyuta. Mmarekani Edwin Link alikulia katika kazi ya baba yake, ya kutengeneza vinanda mjini Binghamton. Mwishoni mwa miaka ya 1920 alichukua mivukuto na pampu za hewa za vinanda, akaunda kijindege kisichoruka. Mtu aliingia ndani, akashika usukani, na kijindege kikainama na kugeuka kadiri alivyokiongoza. Link alikusudia kifundishe urubani, lakini wanunuzi wake wa kwanza wengi walikuwa wenye viwanja vya burudani. Watu walilipa, wakapanda, wakacheka, wakashuka. Hakuna aliyekuwa rubani kwa sababu hiyo.

Mwaka 1934 jeshi la anga la Marekani lilipewa kazi ya kusafirisha barua. Marubani kadhaa walikufa, kwa kuwa hawakuzoea kurusha ndege kwa kutegemea vipimo peke yake wakati wa mawingu na giza. Ndipo jeshi liliponunua vijindege 6 vya Link. Sasa mwanafunzi alifunikwa asione nje, akapewa njia ya kufuata, na mkufunzi akakaa mezani kando yake akimpa maagizo. Baadaye kiliongezwa kifaa chenye gurudumu la wino kilichotambaa juu ya ramani na kuchora njia yote aliyopita mwanafunzi. Alipotoka, wawili hao waliinamia ramani: hapa ulipotea, ulikuwa ukitazama kipimo gani? Katika Vita Kuu ya Pili vilitengenezwa maelfu ya vijindege hivyo, na marubani wengi mno walifunzwa kwavyo.

Kijindege cha viwanja vya burudani na kile cha jeshi vilitokana na uvumbuzi ule ule. Kilichogeuza mchezo kuwa somo ni mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi alipewa jukumu la kuamua. Pili, uamuzi wake ulizaa matokeo aliyoyaona. Tatu, alikuwapo mwalimu wa kuzungumza naye juu ya kosa lake. Safari yetu ya Kilwa haikuwa na hata moja kati ya hayo. Mwalimu ndiye aliyeshika usukani. Watoto walikuwa abiria.

Sasa fikiri, ndugu mwalimu, somo lile lile katika shule isiyo na umeme. Chora uwanjani kwa mkaa au majivu pwani yote, kutoka Uarabuni hadi Sofala, na Kilwa katikati. Kila kundi la watoto ni nahodha na mabaharia wake. Waambie: mpo Kilwa, mwezi ni Januari, jahazi lina dhahabu na pembe za ndovu, nanyi mwataka kuziuza Uarabuni. Mtang'oa nanga leo au mtangoja? Kundi litakalong'oa nanga lilaze kamba juu ya ramani kuonyesha njia yake, kisha wajulishe kwamba kaskazi inavuma na kuwapiga usoni. Kundi linalongoja kusi, ambayo huanza kuvuma yapata Aprili, litauliza: miezi yote hiyo tutakula nini, tutalala wapi, mali tutaiweka kwa nani? Kwa maswali hayo watoto wataanza kuona kwa nini bandari ile ilihitaji maghala, masoko, misikiti na wenyeji wa kuaminika. Hapo ndipo uwaambie kwamba Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 akausifu uzuri wa mji huo. Mwishoni, zungukeni kamba zile na kila kundi lieleze ni wapi lilikosea. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Sisemi kwamba majivu uwanjani yanalingana na kompyuta. Wataalamu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town wamepima magofu ya Kilwa kwa miale ya leza, na picha za namna hiyo humwonyesha mtoto wa Sumbawanga kimo na upana ambao mchoro hauwezi kumpa. Chombo cha kuigiza pia humruhusu mwanafunzi kukosea bila kuumia wala kuvunja mtambo. Ukikipata, kitumie. Lakini kisimamishe kila baada ya hatua chache, uwaulize watoto waelekee wapi na kwa sababu gani, na uwaachie wao usukani.

Tangu siku ile, ninapokagua somo siandiki alama mpaka nijue ni uamuzi gani mtoto aliachiwa aufanye mwenyewe. Nawasihi nanyi mjiulize hivyo kila mnapoandaa somo, mkiwa na mashine ya thamani kubwa mezani au mkiwa na kamba na majivu tu.