Mwanza–Dar ni saa moja na nusu? Inategemea unaanza kuhesabu wapi

Ukiuliza simu yako umbali wa Mwanza hadi Dar kwa ndege, jibu linakuja fasta: kama kilomita 850, saa moja na nusu hivi. Sawa, ni kweli. Shida ni kwamba hakuna anayeishi kwenye njia ya kurukia.

Mtu wa Mirongo anashika Barabara ya Makongoro, anapita Kirumba na Pasiansi mpaka uwanjani Ilemela. Lazima awahi ukaguzi. Akitua Dar, anasubiri begi, kisha anaikuta foleni ya Barabara ya Nyerere. Mpaka afike Kariakoo au Muhimbili, saa nne au tano zimeondoka.

Na hiyo saa moja na nusu yenyewe inategemea umeletewa ndege gani. ATR, hizi tunazoziita pangaboi, inakimbia kama kilomita 500 kwa saa. Airbus A220 ya ATCL inapita 800. Njia ni ileile, ila tofauti inaweza kufika nusu saa. Mwaka 2022 matatizo ya injini yalizipaki baadhi ya A220 na ATCL ikalazimika kupangua ratiba. Hapo ndipo abiria wengi walijua kumbe aina ya ndege nayo ni habari.

Sasa shuka chini. Kwa barabara ni karibu kilomita 1,150: unapandia basi Nyegezi, unapita Shinyanga, Nzega, Singida, Dodoma, Morogoro, unashukia Mbezi. Tangu mabasi yaruhusiwe tena kutembea usiku mwaka 2023, wengi wanalala njiani na kufika wakiwa wamevimba miguu.

Tunaongea saa, lakini kinachoamua ni hela. Bei ya ndege haikai sehemu moja. Aliyekata tiketi mwezi mmoja kabla anaweza kulipa kidogo kuliko wa siti ya pembeni aliyekata jana. Na nani anakata tiketi jana? Aliyepigiwa simu ya msiba. Mwenye mgonjwa aliyepewa rufaa kutoka Bugando kwenda Muhimbili. Yaani mwenye haraka kuliko wote ndiye anayelipa zaidi, na akishindwa, saa moja na nusu inageuka usiku mzima wa basi.

(Halafu Entebbe, ng'ambo ya ziwa, ni kama kilomita 280 tu kwa mstari ulionyooka. Theluthi ya Dar!)

Ndiyo maana mimi naiangalia zaidi SGR kuliko ndege mpya. Dar hadi Mwanza ni kilomita 1,219, ndefu kuliko barabara kwa sababu reli inazungukia Tabora. Kwa kasi ya kilomita 160 kwa saa, hesabu ya karatasi ni chini ya saa nane. Weka vituo, sema kumi. Unapanda jioni, asubuhi uko Dar.

Lakini treni ya abiria ilipoanza mwaka 2024 iliishia Dodoma. Kipande chetu cha Mwanza–Isaka, kilomita 341, kiliwekewa jiwe la msingi Juni 2021. Hata kikikamilika leo, bila Makutupora–Tabora na Tabora–Isaka, treni ya Mwanza itakufikisha Isaka, na hapo utatafuta basi.