Wasomi, Taka Zenu Mnamwachia Nani?

Ndugu zangu wanavyuo, msinichukie. Mficha uchi hazai. Jumapili moja basi la chuo fulani cha mjini liliteremsha vijana wetu hapa Kimbiji, Kigamboni. Wakaogelea, wakala, wakapiga picha. Jioni walipoondoka, pwani nzima ilikuwa chupa za maji, makopo ya soda na mabaki ya chipsi. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa mgeni wa namna hii mwenyeji atapona vipi?

Asiyesoma akitupa taka twasema hajui. Ninyi je? Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na Zanzibar walishatutangulia mwaka 2006. Bibi wa kijijini amezoea kikapu chake. Ni aibu mwenye kutafuta shahada adai andazi moja litiwe kwenye kifungashio laini, kisha akitupe kabla hajamaliza kutafuna. Mnajibu mtihani wa mazingira mkapata alama A, lakini muungwana ni vitendo.

Kwenye fukwe hizi za Kigamboni kasa hupanda usiku kutaga. Shimo moja laweza kuwa na mayai mia na zaidi, nayo hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Kitoto kikichomoza, kinakuta chupa zenu zimekizibia njia ya baharini. Kikinusurika, huko majini kinakutana na mfuko unaoelea, kinadhani ni yavuyavu, kinaumeza. Kiumbe wa Mungu, amekosa nini?

Waislamu kwa Wakristo tumefundishwa kwamba dunia ni amana. Kuondoa kinachodhuru njiani ni sadaka. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza.

Sisemi mmeharibika. Ninyi ndio tegemeo letu, na mkiamua jambo hamshindwi. Profesa Wangari Maathai wa Chuo Kikuu cha Nairobi alianza mwaka 1977 kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini, na mwaka 2004 akatunukiwa Nobel ya Amani. Usomi haukumzuia kushika udongo.

  

Viongozi wa serikali za wanafunzi, suala hili la taka liko mikononi mwenu. Kila basi lije na magunia yake, na lisiwashwe mpaka taka zote zimepakiwa zirudi mjini.